Ile y Iliyoachwa Peke Yake

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na Jumapili moja alikuja nyumbani na kaunta buku lake. Swali lilikuwa la kawaida: x² + xy + y² = 7, tafuta mteremko wa mchoro kwenye nukta (1, 2). Mstari wa kwanza wa jibu alikuwa ameunakili kutoka ubaoni:

2x + y + x(dy/dx) + 2y(dy/dx) = 0

Hapo dy/dx ni ule mteremko: y inabadilika kiasi gani x ikisogea kidogo. Kuitafuta ndiko kudiferenshieti. Akaweka kidole kwenye ile y ya mwanzo.

"Mjomba, hii imetoka wapi?"

Nikamjibu vile ambavyo sote tuliwahi kujibiwa: kanuni ya zao, ile ya kudiferenshieti vitu viwili vilivyozidishwa.

"Kanuni naijua. Ya kwanza shikilia, diferenshieti ya pili, jumlisha, ya pili shikilia, diferenshieti ya kwanza. Hiyo naiimba hata usingizini. Mimi nauliza hii y. Tumeambiwa kila tukidiferenshieti y tubandike dy/dx nyuma yake. Hii mbona haina?"

Nikamwambia tumalize zoezi kwanza. Tukamaliza, akapata −4/5, akala wali, akapanda daladala akarudi hosteli.

Swali halikupanda daladala.

Lilinifuata wiki nzima, na wiki iliyofuata, mpaka kwenye foleni ya benki. Kilichonikera si kwamba jibu ni gumu. Ni kwamba ile "kanuni ya zao" haikuwa jibu hata kidogo. Ni kama mtu akuulize kwa nini mvua inanyesha ukamwambia ni masika.

## Ishirini kwa ishirini

Tuweke pembeni ule mlinganyo mrefu, tubaki na xy peke yake.

Chukua kiwanja, kile kinachotangazwa kwenye kila nguzo ya umeme Dar: 20 kwa 20. Mita za mraba 400. Upande wa mbele uite x, wa pembeni uite y. Mwenye nacho anataka kuongeza mita 1 mbele, lakini karatasi inasema 400, na 400 haiguswi. Basi akiongeza mbele lazima apunguze pembeni. x ikiwa 21, y inabidi iwe 400 gawanya kwa 21, kama 19.048. Amekatwa sentimita 95 na ushee.

Sasa tuangalie ardhi yenyewe, si herufi.

Alichopata ni ukanda wenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 20. Huo urefu wa 20 ni nini? Ni y. Ndiyo ile y ya mpwa wangu. Haina dy/dx nyuma yake kwa sababu katika ukanda huu y haikufanya kazi yoyote, ilisimama tu kupima urefu. Aliyesogea ni x.

Alichopoteza ni ukanda mwingine, wenye upana wa 0.952 na urefu wa 20. Urefu wa huu ni x, na upana wake ndio badiliko la y. Hapo ndipo dy inapoingia, maana hapo aliyesogea ni y, na x ndiyo iliyosimama.

Kila ukanda una mmoja anayetembea na mmoja anayepima.

Lakini hesabu haijafunga. Amepata 20, amepoteza 19.048, inabaki 0.952 inayoning'inia. Hiyo ni kona, kale kasehemu ambako kanda mbili zingekutana, 1 kwa 0.952. Ukiitoa nayo, unafika sifuri kamili na 400 inabaki 400.

Kona hiyo ndiyo iliyokuwa inanisumbua nikiwa kijana, kwa sababu vitabu huitupa bila kuaga. Basi itazame ikiondoka yenyewe. Badala ya mita 1, ongeza sentimita 10 tu. x ni 20.1, y inakuwa 19.9005. Ukanda uliopatikana ni mita za mraba 2. Uliopotea ni 1.99. Kona ni 0.00995, yaani haifiki hata sentimita za mraba 100. Kanda zimepungua kama mara 10, kona imepungua karibu mara 100. Punguza tena na tena, kanda mbili zinazidi kulingana na kona inakuwa si ya kuhesabika mbele yake.

Gawanya kila kitu kwa badiliko la x na unabaki na hiki:

y + x(dy/dx) = 0

Pale kwenye 20 kwa 20, dy/dx ni −1. Kwa kila sentimita unayoongeza mbele, unakatwa sentimita moja pembeni, ilimradi uende polepole.

Kuna mwanafunzi atauliza mbona 3y tunaandika 3(dy/dx) na basi, wakati nayo ni zao la vitu viwili. Swali zuri. Kanuni inafanya kazi hapo pia, ila 3 haisogei, kwa hiyo ukanda wake una upana wa sifuri. Kipande kipo, kinapimwa, kinakuwa sifuri, hatukiandiki. x si 3. x inatembea.

## Majibu mabaya hujitaja yenyewe

Nimesahihisha twisheni za kutosha kujua kwamba kosa kwenye xy huja kwa sura mbili. Wa kwanza anaandika x(dy/dx) na kuondoka zake. Wa pili anadiferenshieti kila mmoja kivyake kisha anazidisha: 1 mara dy/dx. Wote wawili wanajiamini, na wote wawili ukiwauliza watakuimbia kanuni ya zao bila kukosea neno.

Dawa yangu siku hizi si kuirudia kanuni. Nawapa xy = 12.

Wa kwanza anapata x(dy/dx) = 0, wa pili anapata dy/dx = 0. Njia mbili tofauti, jibu moja: mteremko ni sifuri kila mahali, mchoro ni mstari uliolala. Halafu namwambia aweke nukta: (2, 6), (3, 4), (4, 3), (6, 2). Mtoto anaangalia y ikishuka mbele ya macho yake huku daftari lake likisema haishuki. Hapo huhitaji kusema kitu. Na uzuri wa xy = 12 ni kwamba unaweza kuiondoa y mafichoni, y = 12/x, ukadiferenshieti kawaida ukapata −12/x², kisha ukalinganisha na −y/x ya kanuni ya zao. Ukiweka 12/x badala ya y, ni kitu kilekile.

Lakini kwenye mlinganyo wa mpwa wangu kosa halijitokezi kirahisi hivyo, kwa sababu vile vipande vingine vinalificha. Ukiidondosha ile y kwenye nukta (1, 2) unapata −2/5. Ni namba safi. Ina alama ya hasi kama inavyotakiwa. Hakuna anayeitilia shaka mpaka kalamu nyekundu ipite.

Kuna njia ya kuikamata bila kuangalia majibu nyuma ya kitabu. Tazama x² + xy + y² = 7. Badilisha x na y, mlinganyo haujali. Kwa hiyo kama (1, 2) imo, (2, 1) nayo imo, na mchoro pale ni uleule uliogeuzwa kupitia mstari y = x. Ukigeuza hivyo, kupanda kunakuwa kwenda na kwenda kunakuwa kupanda, kwa hiyo mteremko unapinduka: ukiwa −4/5 huku, lazima uwe −5/4 kule.

Jaribu. dy/dx = −(2x + y)/(x + 2y). Kwenye (1, 2) ni −4/5. Kwenye (2, 1) ni −5/4.

Sasa mpe aliyeidondosha y. Kwenye (1, 2) ana −2/5, kwa hiyo kwenye (2, 1) anadaiwa −5/2. Anapata −1. Yule aliyeandika 1 mara dy/dx anapata −2/5 na −4/3. Nao hawaendani. Mlinganyo unawatendea x na y sawasawa, na kila anayesahau ukanda amempendelea mmoja wao.

Asiyeamini mambo ya kugeuza atumie kikokotoo. Sogeza x kutoka 1 hadi 1.01. Utapata y² + 1.01y − 5.9799 = 0, na y chanya ni 1.99198. Imeshuka 0.00802 kwa hatua ya 0.01. Ni −0.8 na kitu kidogo. Hakuna −0.4 hapo.

## Karatasi ya Paris

Wanaoidharau ile y wana mwenzao mkubwa.

Tarehe 11 Novemba 1675 Gottfried Leibniz, Mjerumani wa miaka 29 aliyekuwa akiishi Paris, alikuwa anaandika karatasi zake za siri, zile ambazo ndani yake kalkulasi, hisabati hii ya mabadiliko, ilikuwa inazaliwa. Akajiuliza kama d ya zao ni zao la d mbili, yaani kama d(xy) ni dx mara dy. Swali lenyewe la yule mwanafunzi wa pili wa twisheni. Hakulipuuza wala hakuliona la kitoto. Alilijaribu kwenye karatasi hizohizo na kuhitimisha kwamba sivyo. Kanuni sahihi aliichapisha mwaka 1684, katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig, ndani ya makala yake fupi kuhusu njia mpya ya kutafuta vilele, mabonde na tanjenti, yaani mistari inayougusa mchoro kwa mteremko wake.

Ukirudi kwenye kiwanja, utaona dx mara dy ni nini.

Ni kona.

Mtu anayezidisha d mbili ameitupa ardhi yote iliyosogea na kushikilia kile kipande kimoja tu ambacho kingepotea chenyewe. Nilipoliona hili, kichwani kulitulia kidogo. Kosa hilo lina mahali pake kwenye mchoro, unaweza kuliwekea kidole, na nadhani kulionyesha kunasaidia kuliko kulikata kwa wekundu.

## Na ruhusa ilitoka wapi?

Nilidhani nimemaliza. Nikamtumia mpwa wangu picha ya kiwanja nilichochora, na ujumbe wa sauti mrefu kuliko alioutaka. Akajibu jioni kwa ujumbe wa maandishi:

"Nimeelewa mjomba. Ila mbona tunasema y inafuata x? Kwenye swali hakuna aliyesema."

Shikamoo, swali.

Kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Mlinganyo unatupa x na y wamekaa pamoja, hakuna mkubwa wala mdogo, kisha sisi tunaamua kimyakimya kwamba x ndiye anayetembea na y anamfuata. Uamuzi huo haumo kwenye mlinganyo. Bila huo, dy/dx haina maana yoyote.

Nikatafuta mfano wa kuuvunja uamuzi huo, na niliopata ulinikosesha raha. Chukua

x² + y² = −1

Diferenshieti. 2x + 2y(dy/dx) = 0, kwa hiyo dy/dx = −x/y. Hatua zote ziko sawa, mwenye kusahihisha anatoa maki zote. Lakini hakuna hata nukta moja kwenye karatasi ya grafu inayotimiza mlinganyo huo. Mraba jumlisha mraba hauwezi kuwa hasi. Tumetafuta mteremko wa mchoro ambao haupo, tukaupata, na hakuna kengele iliyolia.

Nilikaa na hili siku kadhaa. Kwa muda nilihisi kwamba njia nzima ni mazingaombwe. Kama inatoa jibu pasipo na kitu, basi inapotoa jibu palipo na kitu, nitajuaje kwamba si bahati?

Kilichonitoa hapo ni kuusoma upya ule mstari wa kwanza, safari hii na neno "ikiwa" mbele yake. Ikiwa kuna nukta hapa, na ikiwa karibu na nukta hiyo y inamfuata x kwa ulaini, basi mteremko wake ni huu. Njia haidai kwamba mchoro upo. Haijawahi kudai. Ni sisi tunaofundisha ndio tunaolimeza lile "ikiwa" ili somo liishe kabla ya kengele, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya somo iliyostahili dakika nyingi zaidi.

Na kuna habari njema: jibu lenyewe hukuonyesha "ikiwa" hiyo inapogoma. Rudi kwenye −(2x + y)/(x + 2y). Chini kuna x + 2y. Kikiwa sifuri, hesabu inakataa. Ni wapi? Weka x = −2y kwenye mlinganyo, unapata 3y² = 7, na x ni kama 3.055 upande wa kulia, y ikiwa kama −1.528.

Nenda hapo ujionee. Ukiweka x = 3, mlinganyo ni y² + 3y + 2 = 0, na y ni −1 au −2. Mbili kwa mpigo, moja ina mteremko wa −5, nyingine 4. Ukiweka x = 4, hakuna y kabisa. Kati ya 3 na 4 duaradufu (ndilo umbo la mchoro wetu, duara lililobanwa) imegeuka na kuanza kurudi, na pale inapogeukia tanjenti imesimama wima. Hapo swali la "y iko wapi x ikisogea kulia" halina jibu, na kanuni inalijua hilo kwa kukataa kugawanya.

Ulisse Dini, mwanahisabati wa Pisa katika karne ya 19, ndiye aliyeliweka jambo hili vizuri kwa namba halisi, na Waitalia mpaka leo wanaiita nadharia hiyo kwa jina lake. Kiini chake, kwa mlinganyo laini kama huu, ni kwamba ukiwa na nukta kweli, na kile kinachoizidisha dy/dx pale si sifuri, basi ruhusa unayo: karibu na hapo y inamfuata x, na mteremko ulioupata ni wake. x² + y² = −1 inaanguka kwenye sharti la kwanza. Ile nukta ya 3.055 inaanguka kwenye la pili.

Ile (1, 2) ya kaunta buku inapita yote mawili. x + 2y ni 5.

## Jani la Descartes

Kuna mchoro mmoja unaoanguka vibaya zaidi, na ndio ninaoupenda kuliko yote.

Mwaka 1638 René Descartes, akiwa kwenye ugomvi na Pierre de Fermat kuhusu nani ana njia bora ya tanjenti, alimtupia mlinganyo wa aina ya x³ + y³ = nxy, akidhani utamshinda. Fermat akautatua. Mchoro wake una kitanzi chenye umbo la jani, na mikia miwili inayokimbilia mbali. Chukua n iwe 6:

x³ + y³ = 6xy

Diferenshieti, na upande wa kulia usisahau mabano, maana 6 inazidisha kanda zote mbili:

3x² + 3y²(dy/dx) = 6y + 6x(dy/dx)

Kwa hiyo dy/dx = (2y − x²)/(y² − 2x). Kwenye (3, 3), ncha ya jani, ni −1. Kwenye (4/3, 8/3) ni 4/5. Safi kabisa.

Kwenye (0, 0) ni sifuri gawanya kwa sifuri.

Siyo kama ile duaradufu, ambako juu kulikuwa na namba na chini sifuri, ukajua tanjenti imesimama. Hapa pote ni sifuri. Wengi huandika "haipo" na kuendelea na swali linalofuata. Lakini ukiuchora utaona mchoro unapita pale mara mbili na kujikata wenyewe. Tatizo si kukosekana kwa mteremko. Matawi ni mawili, na sisi tumeuliza kana kwamba ni moja.

Nilimtumia mpwa wangu huo, safari hii bila ujumbe wa sauti, na maneno mawili tu: diferenshieti tena.

Ukidiferenshieti mstari ule mara ya pili, kanuni ya zao inarudi kila upande. Kushoto unapata 6x, kisha 6y mara mraba wa dy/dx, kisha 3y² mara derivativu ya pili, yaani dy/dx yenyewe ikidiferenshietiwa. Kulia, 6y inatoa 6(dy/dx). Na 6x(dy/dx) ni zao, kwa hiyo inatoa kanda mbili: 6(dy/dx) nyingine, pamoja na 6x mara derivativu ya pili. Sasa weka x = 0 na y = 0. Kila chenye x au y mbele yake kinazimika. Kinachobaki ni

0 = 12(dy/dx)

Mteremko ni sifuri. Tawi moja linapita pale likiwa limelala juu ya mhimili wa x, na nusu ya hiyo 12 imetoka kwenye kipande ambacho wanafunzi wangu wangekidondosha.

Tawi la pili halimo humo. Lenyewe linapita wima, na pale y haimfuati x hata kwa kulazimishwa. Ukitaka kulipata inabidi umpe y nafasi ya kutembea na x ndiyo ifuate, uanze upya na dx/dy. Alinijibu usiku kwa picha ya ukurasa: 0 = 12(dx/dy), na chini yake ameandika, "Kwa hiyo nachagua mwenyewe nani anatembea?"